Mguu Mzito, Mfuko Mtupu

Wenzangu wa Karatina hunicheka. Wao huteremka Nairobi na kabeji kwa mwendo wa kilomita 110 kwa saa. Mimi na pikapu yangu ya Peugeot 504, mzee mwenzangu, tunajiendea kwa 80. Eti naogopa gari. La hasha! Naogopa pampu ya mafuta. Septemba 2023 petroli ilipita shilingi 200 kwa lita, na tangu hapo nimekuwa mtu wa kuhesabu.

Hesabu yenyewe ni ya upepo. Mwendo ukitoka 80 hadi 110, nguvu ya upepo inayolizuia gari hukaribia kuwa maradufu. Na magunia yakitokeza juu ya paa, basi tena! Zamani msururu wa malori ulitupunguzia mwendo, tupende tusipende. Sasa barabara pana ya Kenol hadi Marua imetufungulia njia, nasi twakanyaga mafuta, kisha twamwongezea nauli mama wa kabeji kana kwamba mguu ulikuwa wake.

Mwanangu anataka tununue pikapu mpya ya dizeli. Sikatai. Lakini kwanza nitampa hii kuukuu, tanki pomoni, aende Thika na kurudi, tuone atarudi na nini.