Limau Haliponyi Samaki

Ni nani kati yetu hajafanya hivi? Asubuhi umenunua perege au kitoga pale Kivukoni, kando ya mto Kilombero. Joto la Ifakara mnalijua. Ukapitia sokoni, ukapitia kwa mgonjwa, na ulipofungua kikapu jioni, harufu ilikuwa imeanza. Fedha imekwenda na watoto wana njaa. Basi unakamua malimau mawili, unatia tangawizi na pilipili, harufu inatulia, mnakula.

Tuangalie limau limefanya nini hasa.

Samaki akifa, bakteria waliomo tumboni, kwenye matamvua na juu ya ngozi huanza kumla. Wanapovunja protini zake hutoa vitu vyenye harufu kali. Viwili vinaitwa putresini na kadaverini, navyo vilielezwa mwaka 1885 na daktari Ludwig Brieger wa Berlin, aliyechunguza mambo ya kuoza. Vitu hivi vina tabia kama ya magadi, na limau ni asidi. Vikikutana hugeuka chumvi isiyopaa hewani. Pua haisikii tena, lakini vyote vimo sufurianina.

Je, moto hausaidii? Moto huua bakteria wengi, ila hauondoi yote waliyokwisha kutengeneza. Kwa samaki wa baharini kama vibua na jodari, bakteria hutengeneza pia histamini, ambayo haiharibiwi kwa kupikwa. Mlaji huweza kuwashwa mwili, uso kuwa mwekundu, kichwa kuuma, moyo kwenda mbio na kuhara. Tena putresini na kadaverini huzuia utumbo usiivunje histamini hiyo.

Fanya hivi:

Nunua samaki mwisho, baada ya shughuli nyingine zote. Kambale akiwa bado anajigeuza kwenye beseni, huyo ni mbichi kweli, kwa maana huvuta hewa na huweza kuishi muda mrefu nje ya maji.

Ufikapo nyumbani, toa matumbo na matamvua mara moja, uoshe kwa maji safi. Kama huna barafu, kaanga au banika siku hiyo hiyo.

Macho yakiwa yamebonyea, na nyama ukiibonyeza hairudi, usimpike.

Na huyo aliyeharibika usimtupe uani. Mfukie kwenye shimo la mboji, chini kabisa, mbwa wasimfukue. Udongoni wamo bakteria wengine ambao putresini kwao ni chakula. Huivuta ndani kupitia vijilango vidogo sana vilivyo kwenye utando wa miili yao, kisha huikatakata hatua kwa hatua. Wao hupata nguvu, na naitrojeni iliyokuwamo hurudi udongoni kulisha mimea. Harufu huisha, na msimu ujao mchicha wako utanawiri.

Najua inauma kumfukia samaki uliyemlipia. Lakini mama, fedha ile ilikwisha kupotea harufu ilipoanza, na limau haliirudishi. Ukimpika, utaongeza juu yake gharama ya dawa na usiku mzima wa kukesha na mtoto anayehara. Usiku huo wapikie maharage.