Huzuni Yangu Si Mtihani

Nimekuwa mwalimu kwa miaka 31, na katika muda huo nimesahihisha mitihani isiyo na idadi. Kwa hiyo ninaposema kwamba alama zinaweza kudanganya, msomaji asidhani kuwa hayo ni manung'uniko ya mtu aliyefeli. Mimi sikufeli. Nilifaulu vizuri sana, na kufaulu huko kulikaribia kuniangamiza.

Mke wangu alifariki mwaka 2022. Miezi miwili baadaye binti yetu, ambaye anafanya kazi Mwanza, aliona kwamba baba yake amebadilika. Akanitafutia mshauri nasaha wa kuzungumza naye kwa simu mara moja kwa wiki. Pamoja na mazungumzo hayo kulikuwa na programu ya kupima maendeleo yangu kwa njia ya mtandao. Kila Jumapili jioni nilijibu maswali tisa, nayo ikajumlisha alama na kuchora grafu. Mshauri aliiona grafu hiyo, na binti yangu, kwa ridhaa yangu mwenyewe, aliiona pia.

Maswali hayo hujulikana kama PHQ-9. Yalitungwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990 na Robert Spitzer, Janet Williams na Kurt Kroenke. Yanauliza habari za wiki mbili zilizopita: usingizi, uchovu, hamu ya kula, kujilaumu na mengineyo. Kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 3, na jumla ya juu kabisa ni 27. Alama 5 huashiria sonona hafifu, 10 sonona ya wastani, na 20 sonona kali. Kipimo chenyewe sina ugomvi nacho. Humsaidia tabibu mwenye dakika chache kumtambua mgonjwa ambaye vinginevyo angempita. Ugomvi wangu ni na wale waliokichukua kipimo hicho, wakakitia katika simu, kisha wakatuaminisha kwamba mstari ukishuka basi mtu amepona.

Wiki ya kwanza nilipata 17. Binti yangu alinipigia simu usiku huohuo, akilia. Ni mzazi gani anayependa kumliza mwanawe? Jumapili iliyofuata nilipunguza kidogo. Nikapata 14, kisha 11, na baada ya miezi kadhaa nikafika 6. Kila mstari uliposhuka sauti ya binti yangu ilichangamka. Mwanafunzi yeyote anaijua siri hii: si lazima ulielewe somo, yatosha kujua msahihishaji anataka nini.

Mshauri naye akaanza kufungua mazungumzo kwa pongezi. Grafu inapendeza, alisema, na tukaanza kuzungumzia kupunguza siku za kukutana. Dakika ambazo angeniuliza habari za marehemu zikaishia katika kutazama mstari.

Wakati huo ndipo alipokuja shemeji yangu, mdogo wa marehemu, kutoka Korogwe kunijulia hali. Asubuhi aliingia chumbani kuchukua shuka za kufua, akatoka mikono mitupu.

"Shemeji, mbona kitanda hiki kina vumbi?"

Sikuwa na jibu. Tangu siku ya mazishi sikuwa nimelala kitandani pale hata usiku mmoja. Nililala kwenye kochi sebuleni, na kwa kuwa usingizi niliupata, kwenye swali la usingizi niliandika 0 kwa moyo safi. Dodoso linauliza kama umelala. Haliulizi umelala wapi.

Swali la tisa ndilo ambalo sikulijibu kwa moyo safi. Linauliza kama umewahi kuwaza kwamba heri ungekufa. Niliandika 0, ilhali jibu la kweli lilikuwa 1. Na hata kama ningesema kweli, jumla ingekuwa 7 badala ya 6, na mstari ungeonekana bado unapendeza. Katika hesabu hiyo, kuchoka kwa siku chache na kutamani kufa kwa siku chache vina uzito mmoja. Mtaalamu makini hulitazama swali la tisa peke yake. Mstari wa jumla haulioni.

Najua watetezi wa vipimo watanijibu. Watamtaja Michael Lambert wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, aliyeonyesha kwa utafiti wa miaka mingi kwamba washauri mara nyingi hawatambui ni mteja gani anazidi kuharibikiwa, na kwamba taarifa za vipimo huwasaidia wateja hao. Nakubali. Lakini tuangalie kwa makini faida hiyo inatoka wapi. Inatoka kwa mshauri aliyeshtushwa na alama, akaweka karatasi kando na kumuuliza mtu wake, "Kuna nini?" Alama ikizaa swali, ni dawa. Ikizaa pongezi tu na kufunga mazungumzo, ni sumu.

Tena, majibu hayo hukaa wapi? Nchini Finland, kumbukumbu za maelfu ya watu waliotibiwa katika kituo cha tiba ya mazungumzo cha Vastaamo ziliangukia mikononi mwa mhalifu, naye mwaka 2020 akawaandikia wagonjwa mmoja mmoja akidai fedha ili asitangaze siri zao. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, nayo ni hatua njema. Hata hivyo, sheria huadhibu baada ya siri kutoka. Haiwezi kuirudisha kifuani.

Simwambii mtu aache kujipima. Nasema ajipime katika daftari lake, alifungie kabatini, na aandike pia yale ambayo hayana alama: leo nimekula na nani, nimelala wapi, nimeshindwa kugusa kitu gani. Asimpe ndugu yeyote ruhusa ya kutazama grafu yake, kwa maana mgonjwa atamtibu mtazamaji badala ya kujitibu mwenyewe. Na mshauri asitoe pongezi kabla hajauliza swali. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na hakuna mstari unaoweza kuisema kwa niaba yake.

Wiki ile nilimweleza mshauri ukweli wote, pamoja na jibu la swali la tisa. Tulianza upya. Binti yangu sasa haoni grafu yoyote. Hupiga simu na kuniuliza, "Baba, jana umelala wapi?" Zipo siku ninazomjibu kwamba nimelala kwenye kochi. Naye hukaa kimya kidogo, kisha tunaongea.