Utajiri hauko kwenye jiwe, uko kwenye utando

Kuna sentensi moja ambayo kila nikiisikia kwenye mkutano wa waandishi wa habari huwa naacha kuandika na kuanza kuchora maua kwenye daftari. Inasema hivi: "Sisi ni matajiri, tuna madini." Ikishasemwa watu wanapiga makofi, picha zinapigwa, chai inakuja. Sina ugomvi na madini. Ugomvi wangu ni na hilo neno "matajiri". Leo nataka nikuonyeshe, ndugu msomaji, kwa kutumia kitu kidogo ambacho hata jicho halikioni, kwa nini naona tunajidanganya.

Kitu chenyewe ni utando wa oksidi ya metali. Usikimbie! Unao jikoni kwako. Metali ikikutana na oksijeni huzaa oksidi. Kutu ni oksidi ya chuma. Ile sufuria yako ya alumini ina ngozi ya oksidi juu yake, unene wake nanomita chache tu, na ndiyo inayoilinda isiliwe na hewa. Ikwangue kwa stilwaya, ngozi inajiotea upya papo hapo. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita; unywele wako una unene wa kama nanomita 80,000. Na ile dawa ya maji ya rangi ya waridi uliyopakwa ulipougua tetekuwanga, kalamini, kiungo chake kikubwa ni oksidi ya zinki. Kwa hiyo hatuzungumzii kitu cha mwezini.

Sasa wataalamu wanazichukua tando hizi na kutengenezea bayosensa. Hapa sio ile sensa ya kuhesabu watu, jamani. Bayosensa ni kifaa chenye pande mbili. Upande mmoja kuna kitu chenye uhai, au kilichotoka kwenye uhai, ambacho kinamjua mtu wake mmoja tu katikati ya umati: kimeng'enya, kingamwili, au kipande cha DNA. Upande wa pili kuna kinachogeuza kule kujuana kuwa umeme unaosomeka. Mfano unaoufahamu ni mashine ya kupimia sukari. Tone la damu linagusa stripu, kimeng'enya kinaidaka glukosi, elektroni zinahama, umeme mdogo sana unapita, namba inatokea. Mashine ni msomaji tu. Kazi yote imefanyika kwenye stripu.

Oksidi inaingia wapi? Kimeng'enya kinahitaji pa kukaa. Kikikaa vibaya kinakufa au kinasombwa. Hapa oksidi ya zinki ina bahati ya pekee. Kwenye maji yenye pH iliyo chini ya 9.5 hivi, uso wake hubeba chaji chanya. Kimeng'enya cha sukari, glukosi oksidasi, kikiwa juu ya pH 4.2 hivi hubeba chaji hasi. Damu ina pH ya 7.4. Kwa hiyo mmoja chanya, mwingine hasi, wanavutana wenyewe bila gundi na bila mahari. Na ukiacha kuitandaza oksidi kama shuka, ukaiotesha kama zulia la vijiti vidogo vilivyosimama, unapata chumba kile kile chenye viti vingi zaidi. Hiyo ndiyo maana ya nano hapa. Mwaka 2006 jarida la Applied Physics Letters lilichapisha bayosensa ya glukosi ya aina hiyo hiyo. Vijiti vyake vilioteshwa ndani ya maji yenye joto lisilofika hata la kuchemsha ugali.

Haya, turudi kwa wapenda madini. Hebu tufanye hesabu pamoja. Chukua stripu yenye uso wa sentimita moja ya mraba (halisi huwa na eneo dogo kuliko hapo). Itandaze oksidi ya zinki yenye unene wa nanomita 1,000, ambao kwa tando hizi ni mnene. Sentimita moja ya ujazo ya oksidi ya zinki ina uzito wa gramu 5.6. Jibu lake: kila stripu inakula kama nusu ya milligramu. Kilo moja, yaani mfuko kama ule wa sukari dukani kwa Mangi, inatosha stripu zaidi ya milioni moja na laki saba.

Kilo moja! Sasa niambie, hapo mwenye mgodi amepata nini?

Kama zinki haikugusi, tuvuke ziwa. Dunia nzima inajua kwamba koltani inachimbwa Kongo na Rwanda, na kwamba ndani yake mna tantalamu. Watu wengi wanaijua kwa sababu ya simu. Wachache wanajua kwamba mwaka 2011 jarida la Nature lilieleza chipu ya kusoma DNA, iliyotengenezwa na kampuni ya Ion Torrent ya Marekani, ambayo ngozi yake inayohisi ni utando wa oksidi ya tantalamu. Kila herufi ya DNA inapounganishwa inaachia ioni ya hidrojeni, asidi inaongezeka kidogo, utando unahisi, chipu inaandika. Wazo la kutumia kifaa cha elektroniki kuhisi ioni namna hiyo lilikuwa limetolewa na Mholanzi Piet Bergveld tangu mwaka 1970. Udongo umetoka ukanda wetu huu, watu wameufia, na kiasi kinachoingia kwenye chipu moja hakijazi hata ncha ya sindano. Thamani imeingia pale mtu alipojua kuutandaza.

Ndiyo hoja yangu yote hiyo. Kwenye biashara hii jiwe ni nauli tu. Mali ni mkono unaotandaza utando ukawa sawa leo, kesho na mwezi ujao.

Utauliza, kwani inakuhusu nini wewe mwandishi wa habari? Inanihusu kwa sababu shangazi yangu ana kisukari. Mashine anayo, alinunuliwa na mwanawe, ipo kabatini inang'aa mpaka leo. Kisichokuwepo ni stripu. Za mashine nyingine haziingii, na za kwake ziliadimika kwenye maduka ya dawa ya mtaani, zikija zinakuja kwa bei ya kukufanya ufunge wakati si Ramadhani. Nikamuuliza, "Sasa shangazi, unajuaje sukari yako ikoje?" Akanijibu, "Mwanangu, naisikia tu mwilini."

Kuisikia mwilini sio kipimo. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wazima milioni 24 wa kanda yake ya Afrika walikuwa na kisukari, na zaidi ya nusu yao walikuwa hawajui. Hao hata kabati la kuweka mashine hawajalifikia.

Sasa usije ukadhani nasema vyuo vyetu vimelala. Havijalala. Idara ya Fizikia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imetandaza tando za oksidi kwa miaka mingi kwa ushirikiano na Waswidi wa Uppsala, zaidi kwa ajili ya nishati ya jua na madirisha. Mwaka 2009 jarida lile lile la Applied Physics Letters lilichapisha kazi ya Mlyuka wa Dar na wenzake wa Uppsala kuhusu utando wa oksidi ya vanadiamu uliochanganywa magnesiamu, unaoruhusu mwanga na kupunguza joto linalopita dirishani. Jarida moja na wale wa vijiti vya zinki, tofauti ya miaka mitatu. Kwa hiyo akili ipo, na mkono upo.

Kinachokosekana ni kile ambacho hakiandikwi kwenye majarida wala magazetini: stripu ya elfu moja. Stripu ya kwanza inampa mtu shahada. Ya elfu moja, iliyo sawasawa na ya kwanza, ndiyo inayompa shangazi kipimo. Kiwango cha kimataifa cha ISO 15197 cha mwaka 2013 kinataka angalau asilimia 95 ya majibu yasitofautiane na ya maabara kwa zaidi ya asilimia 15, sukari ikiwa milimoli 5.55 kwa lita au zaidi. Ikiwa chini ya hapo, tofauti isizidi 0.83. Ni asilimia 95 ya majibu yote, sio ya jibu la siku ile profesa alipokuwepo na umeme ulipokuwepo.

Halafu kuna hali ya hewa yetu. Stripu nyingi zimeandikwa zitunzwe kwenye joto lisilozidi nyuzi 30. Aliyeandika hivyo hakuwahi kukaa Manzese mwezi wa pili. Oksidi ya zinki yenyewe ina udhaifu wake: inayeyuka kwenye asidi na pia kwenye alikali, na ndiyo maana wengine wanajaribu za titaniamu, bati na tungsteni. Kujua ipi inavumilia jasho la Dar na vumbi la Dodoma kwa mwaka mzima ni kazi ya kuchosha, haina sherehe, na hakuna wa kutufanyia.

Kazi hiyo inahitaji subira, na hata wenzetu walisubiri. Mwaka 1962 Leland Clark na Champ Lyons, kule Marekani, walipendekeza elektrodi iliyobeba kimeng'enya ili kupima glukosi. Mashine ya kwanza ya kuuzwa kwa wazo hilo ilitoka mwaka 1975, na ilikuwa ya mezani, ya maabara. Kipimo cha elektrodi cha ukubwa wa kalamu, cha mgonjwa kushika nyumbani, kilifika mwaka 1987. Miaka 25. Katika miaka yote hiyo kulikuwa na mtu analipwa kurudia jaribio lile lile mara ya mia nne. Kwetu ruzuku ya utafiti ni ya miaka mitatu, na ripoti ya mwisho ikishawasilishwa, vifaa vinafunikwa shuka.

Najua kuna atakayesema, "Bwana mdogo, si tuagize tu? Huko nje wanatengeneza stripu kwa mamilioni, utawaweza?" Swali zuri. Kwa sukari, kwa sasa, hatuwawezi kwa bei. Lakini nani alisema tuanzie kwenye sukari? Tuanzie pale ambapo tajiri haumwi. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Mwaka 2016 sumukuvu ikaua tena, safari hii Dodoma na Manyara. Mahindi hayana alama usoni. Mama anayenunua debe sokoni Kibaigwa hana namna ya kujua. Vipimo vya haraka vipo, lakini vinaagizwa nje na vinawafaa wenye maghala. Mwaka 2009 watafiti wa India walieleza utando wa oksidi ya seriamu uliobebeshwa kingamwili za kunasa okratoksini, ambayo ni mojawapo ya sumukuvu. Njia ni ile ile ya utando na mtambuzi. Soko ni letu, tatizo ni letu, na kipimo cha mahindi hakimchomi mtu sindano, kwa hiyo ni mahali pazuri pa kujifunzia kutengeneza stripu ya elfu moja.

Ninachotaka ni mambo matatu, wala hayahitaji kongamano. Kwanza, fungu la utafiti litenge pesa ya kurudia: ya kutengeneza stripu elfu, kuziweka kwenye joto na unyevu, na kutangaza ngapi zimekufa. Pili, TMDA kwa vifaa tiba na TBS kwa chakula wakae na watafiti tangu siku ya kwanza, sio wakutane mlangoni siku ya kuomba kibali. Tatu, tumlipe vizuri fundi wa maabara. Sio profesa, fundi. Yule anayejua kwamba tanuri namba mbili huwa linadanganya kwa nyuzi tano. Huyo akiondoka kwenda kuuza vocha, ujuzi wote wa kutandaza umeondoka naye, na hakuna mgodi utakaoufidia.

Na sisi tunaoshika kalamu, waziri akisimama akasema tuna madini, tumuulize swali moja dogo: mheshimiwa, tuna watu wangapi wanaojua kuyatandaza?

Naomba kuwasilisha.