Mshale wa juu haukumbuki kitu

Wasee, nina neno na hawa watu wa waifai za mtaani, na nilisema nitaliandika nikipoa. Nimepoa kiasi.

Miezi kadhaa iliyopita nilikuwa na kibarua kwa jamaa mmoja anayesambaza intaneti kwa ploti za Kangemi. Ruta yenyewe ilikuwa ya mtumba, tuliitoa Luthuli Avenue, tukaipiga OpenWrt. Tulikuwa watu watatu tunaingia humo, wote kwa jina moja, root, na paswadi moja iliyobandikwa ukutani kwa karatasi. Mimi ndiye nilikuwa mdogo, na msichana pekee.

Jumamosi moja stima ikapotea. Iliporudi ruta ikawaka fiti, lakini ploti mbili hazina intaneti. Simu zikaanza. Bosi akaniuliza, "Wewe msichana, jana uligusa nini?" Nikamwambia sijagusa kitu. Nikaingia kwa ruta mbele yake, nikabonyeza mshale wa juu tuone amri za mwisho ni zipi. Kimya. Hata moja.

"Kwa hivyo umefuta?"

Kibarua kiliisha hapo, na pesa ya hiyo wiki sikuiona.

Sasa, kitu sikujua siku hiyo. Kwa kompyuta ya kawaida ya Linux, amri ulizoandika huwekwa kwa faili, kesho unazipata. OpenWrt inapokea amri kwa programu ndogo inaitwa ash, iliyo ndani ya BusyBox, na vile inakuja kawaida, ash inakumbuka kwa RAM pekee. Ukitoka, zimeenda. Hakuna aliyefuta. Na sababu ina maana: kumbukumbu ya ruta ndogo ni chipu ya flashi, mara nyingi MB 8 au 16, na hiyo chipu huchakaa ukiiandikia kila saa.

Nilikaa wiki nzima nikijaribu kuilazimisha, kwa hasira tu. Ushauri wa kwanza utakaopewa ni uweke HISTFILE kwa /etc/profile. Nikaweka. Wapi! Kama BusyBox yako ilitengenezwa bila uwezo wa kuhifadhi historia, hiyo HISTFILE ni jina tu, hakuna anayelisoma. Lazima utengeneze imeji upya ukiwa umewasha FEATURE_EDITING_SAVEHISTORY. Na ukishawasha, usielekeze faili kwa /tmp, kwa sababu /tmp ya OpenWrt nayo ni RAM. Stima ikienda, faili imeenda. (Hilo kosa nililifanya. Usicheke.)

Lakini hata ingekubali, haingeniokoa. Hiyo faili ingesema ni amri gani iliandikwa, haingesema ni nani aliandika. Sote tulikuwa root. Tena paswadi yoyote uliyoiandika ndani ya amri inabaki hapo, kila anayeingia aisome. Historia ya amri ni ya kukukumbusha wewe mwenyewe. Kuifanya shahidi wa kumfuta mtu kazi ni uonevu.

Baadaye mwenzetu mmoja alikiri kwa WhatsApp. Alhamisi alikuwa ameongeza njia kwa mkono, `ip route add`, ikafanya kazi papo hapo, akaenda zake bila kuiweka kwa /etc/config/network. Njia ya hivyo inaishi kwa RAM. Suluhisho lake lilikufa na stima, na amri yenyewe tayari ilikuwa imepotea alipotoka. Aliniomba msamaha mimi. Bosi hakumwambia.

Kitu nataka ni rahisi: kila mtu aingie na ufunguo wake wa SSH, na hiyo paswadi ya ukutani izimwe. Dropbear, ile programu inayofungulia watu mlango kwa OpenWrt, huandika kwa logi kila anayeingia na alama ya ufunguo wake. Logi nayo iko kwa RAM, kwa hivyo weka log_ip itumwe kwa mashine nyingine. Laptop kuukuu yenye rsyslog inatosha. Haitaonyesha nani aliandika nini, lakini ingeonyesha kwamba Ijumaa sikuingia kabisa.

Mabosi watasema, "sisi ni familia, tunaaminiana." Dada wa M-Pesa pale steji alikuwa na kitabu, na sikusikia mtu akimwambia hana imani na wateja. Hii familia huwa inakumbukwa mpaka intaneti ipotee, halafu inatafutwa aliye mdogo.

Juzi nimepata kibarua kingine, Uthiru. Siku ya kwanza wakanipa karatasi ya paswadi, nikakataa kuishika, nikawatumia ufunguo wangu. Fundi mkubwa aliniangalia kama mtu amekuja harusi na kijiko chake. Lakini aliuweka, na jioni nikaona ameanza kutengeneza wake.