Deti bila deni inawezekana

Mshahara siku hizi hukatwa asilimia 1.5 ya nyumba na 2.75 ya SHIF kabla hujaugusa. Halafu Ijumaa ikifika, kijana anakopa kwa simu ili ampeleke mpenzi hotelini. Mapenzi gani haya ya kulipiwa riba?

Hapa Nairobi kuna maktaba za umma Kaloleni na Makadara, na vitabu vya mitumba vimejaa kando ya barabara jijini. Chukueni kimoja, msomeane kwa zamu nyumbani, chai na mandazi mezani. Mkianza kubishana kuhusu mhusika, utajua mwenzako anawaza nini kuhusu pesa, watoto, hata wakwe. Hotelini mngekuwa mnapiga sahani picha tu. Akinuna kwa kukosa kuku wa kuposti, mwambie unadaiwa ngapi.