Mshauri, Weka Kalamu Chini!

Muhula uliopita nilimwendea mwalimu mmoja wa ushauri nikiwa na shida ya nyumbani. "Endelea tu, nakusikia," alisema huku akisahihisha madaftari. Maneno yakaniishia, nikaaga.

Mwaka wa 1957 Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika kwamba haitoshi mshauri kumwelewa mwenye shida. Ni lazima mwenye shida naye auone uelewa huo. Je, atauona wapi kama si machoni na usoni?

Najua walimu wana kazi chungu nzima. Lakini afadhali dakika tano kalamu ikiwa chini kuliko saa nzima ya "nakusikia". Nasi wanafunzi, mwenzetu akija analia, tufunge vitabu kwanza. Masikio peke yake hayatoshi.