Kushuka ni rahisi: Wazazi wawili na siku mbili za Grand Canyon

WALIKUWA hawajalala mahali bila watoto tangu mtoto wa kwanza azaliwe, na sasa mtoto huyo ana miaka saba.

Wanaishi Phoenix, jimbo la Arizona, Marekani. Mume, mzaliwa wa Njombe, anaendesha lori la masafa marefu. Mke, aliyekulia Muheza, anahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea, zamu ya usiku. Akirudi mmoja, mwingine anatoka. Kwa miezi mingi mazungumzo yao yalikuwa ya kwenye simu: maziwa yameisha, mdogo ana homa, umelipa umeme?

Wazo la safari lilikuwa la mume. Mke alikubali shingo upande, akisema kwamba angepewa siku mbili, angezilala zote. Watoto waliachwa kwa jirani, mama wa Kikongo kutoka Uvira ambaye wao humwita shangazi. Alikabidhiwa dawa ya kikohozi, namba za simu na maelekezo marefu kuliko barua ya posa.

Ilikuwa mwishoni mwa Mei. Phoenix tayari ilikuwa tanuri. Kutoka hapo hadi ukingo wa kusini wa Grand Canyon ni kilomita 370 hivi, na kwa jumla barabara inapanda. Mikaktasi inabaki nyuma, misonobari inaanza, na ukifika ukingoni uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mume alishuka garini jioni ile, akavuta hewa ya baridi yenye harufu ya misonobari, akacheka peke yake. Alisema ni Njombe kabisa.

Kisha wakatembea hatua chache, na ardhi ikaisha.

Watu wamelipiga picha korongo lile hadi picha zimechosha, lakini ukilisimamia mwenyewe mdomo unafunga. Kina chake ni kama kilomita moja na nusu. Miamba imepangana tabaka juu ya tabaka, nyeupe, nyekundu, kijivu, na chini kabisa Mto Colorado unaendelea na kazi yake. Mke ndiye aliyesema kwanza kwamba kesho washuke. Hapo hapo wakaweka sharti: ikifika saa mbili na nusu asubuhi, popote walipo, wanageuza.

Sharti hilo lina sababu. Mlimani mtu huanza na kupanda, akichoka anageuka na kushuka. Korongoni ni kinyume. Unashuka ukiwa na nguvu, asubuhi ina ubaridi, mguu mwepesi, unajiona bingwa. Deni lote linakusubiri kwenye kurudi, tena jua likiwa utosini. Wahifadhi huwashauri wageni wahesabu muda wa kupanda kuwa mara mbili ya ule wa kushuka, na wakati wa joto wasitembee kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Tena kadiri unavyoshuka ndivyo joto linavyoongezeka. Ukingoni unaweza kuvaa sweta huku chini mtoni watu wanatafuta kivuli cha kuwaokoa.

Walianza saa kumi na mbili na nusu kwa njia iitwayo Bright Angel. Kila mmoja alibeba lita tatu za maji. Mke alifunga pia karanga za chumvi, biskuti na mayai ya kuchemsha. Mume alimtania kwamba wanakwenda matembezi, si harusini. Yeye alikula ndizi moja, basi.

Kushuka kulikuwa kutamu. Walipita kwenye matundu yaliyotobolewa mwambani, wakasimama upande wa ndani kupisha msafara wa baghala waliobeba watu (baghala wana haki ya njia, na hawana adabu ya kukwepa mtu). Walipita banda la kwanza la kupumzikia bila kukaa. Saa mbili na dakika ishirini na tano walikuwa banda la pili, kilomita 4.8 kutoka juu na mita 640 hivi chini ya ukingo. Muda wao ulikuwa umefika.

Lakini kutoka pale unaiona Havasupai Gardens. Katikati ya ukame wote ule kuna kijani kibichi, miti mirefu kando ya kijito. Ni mahali palipolimwa na Wahavasupai vizazi na vizazi kabla ya hifadhi kutangazwa mwaka 1919 na wao kuondolewa. Kwa macho ni karibu mno. Kwa miguu ni kilomita 2.4 zaidi, kona baada ya kona kwenye ukuta mwekundu.

“Tufike pale tu,” mume alisema. “Bado kidogo.”

“Baba watoto, tulikubaliana. Na mimi nimechoka.”

“Bado kidogo, mama. Hatutarudi huku kesho wala keshokutwa.”

Mke akavua mkoba, akaketi kwenye kivuli cha banda. Akasema kwa sauti ya chini, bila hasira: “Hata nyumbani nikikwambia nimechoka, jibu lako ni hilo hilo. Bado kidogo.”

Mume hakujibu. Alifanya ambalo wengi hufanya wanapoambiwa kweli mapema asubuhi: alishuka peke yake. Hili ni kosa kubwa kule, kwani wenzi hawaachani njiani. Alishuka kona nne, tano, kwa mwendo wa mtu anayetaka aonekane. Kisha akasimama kunywa maji, na kwa mara ya kwanza tangu alfajiri akainua uso kutazama alikotoka. Ukuta ulikuwa umesimama wima juu yake. Lile banda lilikuwa limeshakuwa kijumba cha njiwa. Akageuka.

Alipofika alikuwa amelowa jasho na amemaliza karibu maji yote. Hakuomba msamaha, wala mke hakumdai. Walijaza chupa bombani, wakaanza kupanda.

Haikupita nusu saa, kichwa kikaanza kumgonga. Tumbo likavurugika, miguu ikawa ya mtu mwingine. Akawa anakunywa maji zaidi, na kadiri alivyokunywa ndivyo alivyozidi kujisikia vibaya. Mke, ambaye kazi yake ni kusoma miili ya watu wasioweza kujieleza, alimkalisha kwenye kivuli cha mwamba, akamwagia maji kofia na fulana, akamnyang’anya chupa na kumpa karanga. Jasho hutoka na chumvi. Anayejaza maji matupu bila kula anaweza kuipunguza mno chumvi iliyobaki mwilini, na hali hiyo imewafikisha wengine hospitalini. Alizitafuna zile karanga za harusini moja moja, kama mtoto anayelazimishwa dawa.

Walifika banda la kwanza saa tano kasorobo. Zilibaki kilomita 2.4 tu, ila zote za kupanda, na jua lilikuwa limeshatawala. Mke akaamua: wanakaa hapa mpaka saa kumi.

Saa tano na ushei, bila mtoto wa kuitwa kuoga, bila zamu, bila mtandao wa simu. Saa ya kwanza mume alilala, kichwa juu ya mkoba. Ya pili walikula mayai. Wapita njia walikuja, wakajaza maji, wakaondoka. Wengine walikuwa wanashuka saa sita mchana na chupa moja ndogo mkononi, na mke akawatazama kama anavyowatazama wanawe wakikimbia karibu na jiko.

Katika saa ya tatu mume alisema jambo ambalo alikuwa nalo tangu Aprili. Ofisini walikuwa wamempa njia mpya, ndefu zaidi, wiki tatu barabarani na wiki moja nyumbani, kuanzia katikati ya Juni. Malipo ni mazuri. Alikuwa amekwisha kubali.

“Ulikubali lini?”

“Mwezi uliopita.”

Mke alinyamaza muda mrefu. Kunguru mmoja mkubwa alikuwa anapekua mkoba wa mgeni aliyeuacha wazi, na wote wawili wakamtazama kama ndiye aliyekuwa akizungumza.

“Ndiyo maana ukanileta huku,” mke alisema mwishowe.

Mume alitaka kukataa, akashindwa. Akasema aliogopa. Deni la gari, pesa za kutuma Njombe kwa mama yake, ada ya mdogo wake, na yeye hajui namna nyingine ya kuwa baba isipokuwa kuleta. Mke naye akasema lake: Februari aliwahi kusinzia kwenye usukani akirudi kutoka zamu, watoto wakiwa kiti cha nyuma, akaamshwa na honi ya mtu. Hakumwambia mumewe kwa sababu alijua atajibiwa nini.

Hapo ndipo mume alipolia. Kupoza mambo hakukuwezekana, kwani hapakuwa na mahali pa kwenda. Gari lilikuwa mita 340 juu yao na jua lilikuwa bado halijaruhusu.

Hawakumaliza kila kitu. Walihesabu pesa kwa kijiti mchangani, wakafuta, wakahesabu tena. Saa kumi ilipogonga, mke alitangulia kwa hatua fupi fupi na mume akafuata mwendo huo huo, kwa kuwa mwendo wa wawili ni ule wa mtu aliye mbele. Saa kumi na mbili kasorobo walikuwa juu. Kupanda tu, ukitoa ile pumziko, kuliwachukua karibu saa nne, kwa njia waliyoshuka kwa saa mbili pungufu kidogo.

Simu zikashika mtandao. Zikaingia picha saba kutoka kwa shangazi, moja ikiwa ya mdogo amejipaka unga wa ugali usoni. Walipopiga, mkubwa aliuliza swali moja tu: mto mliufikia?

“Hatukuufikia,” mama yake alisema. “Baba yako alitaka.”

Jumatatu mume alirudi ofisini kuomba njia za ndani ya jimbo. Zipo, na malipo yake ni madogo. Mke ameacha usiku mmoja kati ya minne, na gari walilotaka kubadilisha wataendelea nalo. Wamepanga kurudi Oktoba, joto likipoa, safari hii na watoto. Watashuka hadi tundu la kwanza la mwambani, kama mita 300 kutoka mwanzo wa njia, halafu wageuze. Karanga atabeba baba.